Gari Lililofika Bila Kusikika

Kwa kina Bi Mwanatabu, katika mtaa wa Mjambere, bwana harusi alisikika kwanza ndipo akaonekana. Ndivyo ilivyokuwa tangu kaka yake, Mzee Khatibu, alipolitoa bandarini gari lake jeupe, kuukuu lakini la kifahari, miaka ishirini na miwili iliyopita, na majirani wakalipa jina la Sultana. Gari hilo halikupigwa honi hata siku moja. Lilipokata kona ya msikiti na kuingia kichochoroni, injini yake ya silinda sita ilinguruma kwa sauti nzito ya chini chini, mithili ya mtu mwenye haiba anayesafisha koo kabla ya kunena. Wanawake waliokuwa wamekaa kimya ndani, masikio yao yameelekezwa nje, wakaachia vigelegele, wakanyakua mirashi ya kunyunyizia marashi, wakafungua geti. Mama wa bi harusi ndiye aliyeufungua mlango wa gari kwa mkono wake. Kabla ya hapo bwana harusi hakushuka, wala yeyote aliyefuatana naye hakubisha hodi. Anayebisha hodi ni mgeni, walisema wazee wa nyumba hiyo, na mkwe si mgeni.

Swabra, binti wa dada mdogo wa Bi Mwanatabu, alikulia ndani ya desturi hiyo. Ndani ya Sultana alijifunza kuendesha gari, katika uwanja wa Magogoni, Mjomba Khatibu akiwa pembeni yake akijifanya hana hofu. Na Sultana ndilo lililompeleka chuo kikuu, godoro limefungwa juu ya paa la gari la kifahari, Mjomba akienda mwendo wa kinyonga hadi Voi kwa kuchelea kamba isikatike.

Sasa alikuwa mwaka wa tatu, akisomea sayansi ya mazingira, na alikuwa mtu wa kuliamini jambo kwa moyo mzima. Kampuni iliyoliunda Sultana ilipotangaza toleo jipya la gari lile, lililosanifiwa upya kuanzia taa hadi viti, ambalo halingeuzwa tena likiwa na injini ya petroli peke yake bali la mseto wa petroli na umeme, au la umeme mtupu, Swabra alishinda siku nzima mtandaoni akijibizana na walioliomboleza. "Gari la heshima bila ngurumo ni pilau bila bizari," aliandika mmoja wa Changamwe. Mwingine akauliza, stima zikipotea Kisauni, gari hilo litachajiwa kwa dua? Swabra akawajibu mmoja mmoja, kwa takwimu na kwa utulivu, akiwaeleza habari za mapafu ya watoto na za bahari inayozidi kupata joto. Hakuna alilolisema siku ile lililokuwa uongo.

Kisha Wardah, binti wa Bi Mwanatabu, akachumbiwa na Faiz wa Likoni, na wakwe wakavuka feri kuja kupanga harusi.

Walikaa sebuleni, juu ya mazulia, sinia la kahawa katikati. Babake Faiz, Maalim Riyadh, alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu mwembamba asiyependa mambo mengi, na sharti lake lilikuwa moja. "Matarumbeta sitaki, ngoma sitaki, honi sitaki. Mtu haozi kwa makelele."

"Basi Sultana latosha," akasema Mzee Khatibu kwa tabasamu. "Lenyewe ni adabu tupu."

"Kwani ni lazima Sultana, Mjomba?" Swabra akadakia. Akaeleza kwamba kampuni moja ya kukodisha magari ya harusi, kule Changamwe, ilikuwa imelipokea toleo jipya, la umeme, tena la kwanza kuonekana upande ule, na kwamba ukoo huu ungekuwa wa kwanza kuoza binti bila kutoa moshi. Akaizungusha simu yake ili kila mtu aione picha.

Mamake Faiz, Bi Dhahabu, aliishika ile simu kwa mikono miwili. "Lahaula! Hili ndilo gari. Mwanangu apande hili? Wallahi Likoni nzima watakonda kwa kijicho."

Simu ikafika kwa Mzee Khatibu. Aliishika mbali na uso kwa sababu hakuwa na miwani, akaiangalia kitambo kirefu kuliko wote. "Zuri," akasema. "Wamelivuta pua, likapendeza. Na litasikikaje?"

"Halisikiki, Mjomba. Ndiyo fahari yake."

"Aa. Sasa waliomo ndani watajuaje kuwa limefika?"

Lilikuwa swali la mtu aliyewapeleka mabwana harusi kumi na tisa kwenye geti moja. Lakini Swabra alilisikia kwa masikio ya mtandaoni, akadhani ni yale yale ya pilau na bizari. Wakwe walikuwa wakimtazama, na ulimi wake ulikuwa tayari umenolewa kwa siku nyingi.

"Mjomba, Sultana nalo halisikiki, lakohoa. Gari lenye kikohozi hupelekwa hospitali, halipelekwi harusini. Miaka yote hii umewafukiza maharusi wetu, wenyewe maskini wakidhani ni udi!"

Bi Dhahabu alicheka hadi leso ikamdondoka kichwani. Maalim Riyadh alifunika mdomo kwa kiganja. Hata nyuma ya pazia, alikokuwa Wardah na wenzake, kilisikika kicheko. Mzee Khatibu naye alicheka. Alianza wa mwisho, akaacha wa kwanza. Aliiweka simu juu ya zulia polepole, kioo kikiwa juu ili kisikwaruzike.

"Haya," akasema. "Nimesikia, mwanangu."

Akaimaliza kahawa yake, akawaaga wakwe kwa heshima zote, akaenda zake. Swabra alimwona akiinama kutafuta ndara zake mlangoni. Alihisi kitu kidogo kifuani, kama uzi uliokatika, lakini Bi Dhahabu alikuwa anauliza iwapo viti vya gari hilo ni vya ngozi, na yeye ndiye aliyejua jibu.

Harusi ilikuwa Jumapili. Mchana Swabra alikwenda Changamwe kulichukua gari pamoja na dereva wake, Absalom, mtu wa bara aliyevaa suti na aliyekuwa na vitambaa viwili vya kufutia, kimoja cha gari na kingine cha alama za vidole vya watu waliogusa gari.

"Hii si gari, dada," alimwambia wakiwa njiani. "Hii ni simu yenye magurudumu. Siku ya kwanza nilikaa ndani dakika tano nikingoja iwake, kumbe imewaka zamani."

Swabra alicheka. Alilikumbuka baadaye neno hilo, kwamba hata onyo la pili alipewa, nalo akalicheka.

Nikahi ilisomwa baada ya Alasiri, katika msikiti wa Magogoni. Wanaume wakabaki huko kwa halwa na kahawa, kama ilivyo ada, na Faiz akatoka na joho lake na kilemba, jasho likimtiririka, akapanda nyuma pamoja na mama yake. Swabra alikaa mbele kumwelekeza Absalom njia. Gari likateleza kuelekea Mjambere pasipo mtikisiko.

"Mbona kama tumekaa sebuleni?" Bi Dhahabu akauliza. "Twaenda kweli, au nyumba ndizo zinazopita?"

"Twaenda, bi," akajibu Swabra, na moyo wake ulijaa. Walipokata kona ya msikiti wa mtaani aligeuka kutazama nyuma kupitia kioo cha pembeni. Hapakuwa na moshi. Palikuwa na kichochoro safi, na mwanga wa jioni inayoanza, na vumbi kidogo linalotua. Alitamani wale wote aliojibizana nao wangekuwapo waone.

Kichochoro kilikuwa kitupu. Wanaume walikuwa nikahini, na wanawake walikuwa ndani. Nje alikuwapo Nduku peke yake, mama mmoja wa Ukambani aliyekuwa akikaanga viazi karai mbele ya kibanda chake kwa miaka mingi. Absalom aliliegesha gari mbele ya geti la Bi Mwanatabu, akabonyeza kitufe, na skrini kubwa iliyo mbele yake ikaandika neno la kwaheri, ikazimika.

Wakangoja.

Faiz aliweka sawa kilemba chake. Bi Dhahabu alijipaka tone la mafuta ya udi nyuma ya masikio. Swabra alitega sikio kungojea vigelegele. Badala yake alisikia mafuta ya Nduku yakichemka kwenye karai, hatua thelathini kutoka pale.

"Wako wapi?" akauliza Bi Dhahabu.

"Wanakuja, bi."

"Wanakuja watoka wapi? Nyumba si hii?"

Ndipo lile swali lilipomrudia Swabra, kwa sauti ya Mjomba mwenyewe, taratibu na bila ukali: *Waliomo ndani watajuaje kuwa limefika?* Nyuma ya ule ukuta walikuwamo wanawake themanini waliovaa dhahabu na hariri, wamenyamaza kimya ili waisikie injini. Na huku nje ilikuwapo injini isiyokuwa na la kusema. Wao wangedhani bwana harusi amechelewa. Huyu naye angedhani amekataliwa. Na kila upande ungeendelea kungoja kwa heshima kuu.

Absalom aliuona uso wake. "Niguse honi kidogo tu, mama?" akauliza, kidole kikiwa karibu na usukani.

"Usithubutu!" Bi Dhahabu akamkemea. "Maalim amekataza honi mbele ya watu wote. Mimi leo niwe wa kwanza kumuasi, tena kwenye harusi ya mwanawe?"

Swabra akaufungua mlango wake.

"Na wewe waenda wapi?"

"Nikawaambie tumefika."

"Keti, binti. Umekuja na bwana harusi, leo wewe ni wetu, na wetu habishi hodi. Desturi ni yenu hiyo, si yangu. Mlitwambia wenyewe, tukaikubali."

Swabra akaketi. Akaitoa simu, akampigia Bi Mwanatabu, akampigia mama yake, akampigia Wardah. Zote ziliita hadi zikakatika. Alijua zilipo: katika kikapu cha ukili, ndani ya chumba cha nyuma, chini ya mlima wa mabuibui, kwa sababu katika harusi za nyumba hiyo simu zote zilikusanywa mlangoni asije mtu akampiga picha mwenzake akiwa kichwa wazi. Alikiona kikapu akilini mwake, kikitetemeka peke yake kizani.

"Mama," Faiz akasema kwa upole, "labda hawajui kama tumekuja."

"Gari kubwa kama nyumba, hawalioni?"

Nduku alikuwa amekuja, upawa wa kuepulia viazi mkononi. Aligonga dirisha kwa kucha, na Absalom akaipapasa ile simu yenye magurudumu mpaka alipopata pa kushushia kioo.

"Swabra! Kwani hii gari imezimika? Niite watu wasukume?"

"Haijazimika, Mama Nduku."

"Sasa mbona hailii?"

"Ya Rabbi," akanong'ona Bi Dhahabu. "Sasa tusukumwe mbele ya mlango wa wakwe!"

"Na mnangoja nani?"

"Twangoja kupokewa," Swabra akajibu, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtoto.

Nduku alilitazama geti, akalitazama gari, akamtazama Swabra. Hakuhitaji miaka mitatu ya chuo kikuu. "Lakini wale wanangoja kusikia Sultana," akasema. "Hata mimi nilikuwa naingoja, nitoe viazi nije nione bwana harusi. Niingie niwaambie?"

"Hata!" Bi Dhahabu akasema. "Mwanangu hataitiwa watu na muuza viazi. Tumengoja kwa heshima, tutangoja kwa heshima, na heshima ikiisha twaondoka."

Uso wa Nduku ukafunga. "Sawa, mama," akasema, akarudi kwenye karai lake. Swabra aliona haya kwa ajili ya Nduku, na kwa ajili ya Bi Dhahabu pia, kwa sababu alijua kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeaibishwa, naye aliyempeleka kwenye aibu hiyo alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Nduku hakukaa. Aliliepua karai, akajifuta mikono kwa leso, akatembea kwa haraka hadi mwisho wa kichochoro, akaingia kwenye nyumba yenye milango ya kijani. Nyumba ya Mjomba Khatibu.

Swabra alishangaa. Mjomba angekuwaje nyumbani? Si alikuwa nikahini na wanaume? Akajaribu kukumbuka alipomwona mara ya mwisho. Hakumwona msikitini, lakini yeye alikuwa garini na hakutazama. Asubuhi hakumwona jikoni, lakini hakumuulizia. Wanawake walidhani yuko kwa wanaume, na wanaume bila shaka walidhani yuko kwa wanawake, akipakia vyombo kwenye Sultana kama siku zote. Katika ukoo mzima hapakuwa na mtu aliyeona kuwa Khatibu hayupo. Na tangu siku ya kikao, wiki tatu nzima, yeye Swabra hakukanyaga mlango wake hata mara moja.

"Robo saa," akasema Bi Dhahabu. Sauti yake sasa ilikuwa imetulia, na utulivu huo ulitisha kuliko makelele. "Robo saa mwanangu amekaa nje kama mtu wa kudai. Absalom, geuza gari. Wakitutaka, feri waijua."

"Mama, tafadhali," akasema Faiz.

"Bi Dhahabu, nakusihi," Swabra akageuka kwenye kiti. "Wao hawana kosa. Kosa ni langu."

"Kosa gani?"

Alifungua mdomo. Ili alieleze ilimpasa alirudie lile swali, na jinsi alivyolijibu, na kicheko chao wote. Bi Dhahabu alimtazama akingoja, kisha akageuza uso.

"Geuza gari."

Absalom alianza kurudi nyuma, kidogo kidogo, kwa kuwa kichochoro kilikuwa chembamba. Gari halikutoa hata mnong'ono. Kupitia kioo cha mbele Swabra aliliona geti likisogea mbali, limefungwa, na juu yake taji la makuti na maua ambalo yeye mwenyewe alilifunga alfajiri.

Kisha kikasikika kikohozi.

Kimoja, kikavu, kutoka mwisho wa kichochoro. Kikafuatwa na cha pili. Halafu ngurumo ile, nzito, ya chini chini, ikapanda ukutani, ikapita juu ya mabati, ikaingia kila dirisha.

Ndani ya nyumba, vigelegele vikalipuka kana kwamba vilikuwa vimefungiwa chupani. Geti likafunguka kwa kishindo. Wakatoka, mabuibui yamerushwa mabegani ovyo ovyo, mirashi juu, masinia ya asmini juu, Bi Mwanatabu mbele yao akikimbia kama msichana. Walifika kwenye gari jipya na kulipita, kushoto na kulia, hariri zao zikiupangusa ubavu wake, bila hata mmoja kulitupia jicho. Wote walikuwa wanaikimbilia ngurumo.

Swabra alishuka, akasimama nyuma ya mlango wake. Alimwona mama mkubwa wake akifika kwenye Sultana, akiufungua mlango wa nyuma kwa mkono wake mwenyewe, kwa tabasamu aliloliandaa kwa miezi mitatu. Kiti kilikuwa kitupu. Vigelegele vikapungua, vikabaki viwili vitatu vya waliokuwa nyuma, vikafa.

Nyuma ya usukani alikaa Mzee Khatibu, amevaa fulana na kikoi cha nyumbani. Wanawake themanini walimwona. Walimwona vile siku ya harusi ya binti wa dada yake, kidevu hakijanyolewa, na hapakuwa na aliyehitaji kuambiwa maana yake.

"Khatibu?" akasema Bi Mwanatabu. "Mbona hivi, ndugu yangu? Hukwenda nikahini?"

"Nalipasha moto gari tu," akajibu. "Betri huzembea likikaa. Bwana harusi yuko kule, kwenye gari jipya. Nendeni mkampokee, mwamchelewesha mtu."

Moshi wa rangi ya samawati ulikuwa ukipanda nyuma ya Sultana na kutanda juu ya vichwa vyao. Mwanamke mmoja akakohoa. Swabra alimsikia, akatamani asingemsikia; kuhusu moshi yeye alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo haikumsaidia kitu.

Wakarudi wakikimbia, vigelegele vikaanza upya. Bi Mwanatabu akafika kwenye mlango wa gari jipya, akanyoosha mkono, akaupapasa ubavu wake laini, asipate pa kushika. Kishikio kilikuwa kimezama ndani ya bati. Swabra akajipenyeza kati yao, akamwonyesha pa kubonyeza. Mama mkubwa alimtazama.

"Mjomba wako hakuja," akasema polepole. "Na mimi nduguye sikujua."

Mlango ukafunguka, marashi yakanyunyizwa, Faiz akashuka akicheka kwa nafuu, na Bi Dhahabu akakumbatiwa mara tatu kabla hajapata nafasi ya kununa. "Gari zuri," alisikika akisema akiingia getini, "lakini bubu, wallahi. Latembea kama mwizi." Wakacheka wote. Absalom akatoa kitambaa chake cha pili.

Swabra hakuingia nao. Alitembea hadi mwisho wa kichochoro. Kila hatua aliitamani iwe ndefu zaidi. Nduku alikuwa amerudi kwenye viazi vyake.

Sultana lilikuwa bado linanguruma. Kwa karibu aliona kwamba limeoshwa, hata magurudumu yamesuguliwa. Kwenye kioo cha kati kilining'inia kikuba cha asmini mbichi, kama kila siku ya harusi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na ndani, kwenye msumari, ilikuwapo kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na kofia juu yake. Swabra alivitazama vitu hivyo kimoja baada ya kingine. Mjomba hakuwa amesusa. Alikuwa amejitayarisha, akakaa akangoja kuitwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?" Hakumtazama. Alikuwa akiufuta usukani kwa kidole gumba, mahali palipokuwa safi. "Kama ni la moshi, la moshi ulisema kweli. Hata mimi usiku kifua chanibana."

"Si la moshi."

"Basi la nini?"

Swabra alijua kwamba Mjomba hatamsaidia kulisema, na kwamba ni haki yake kutomsaidia. "Nilikucheka mbele ya wakwe."

"Enhe," akasema Mzee Khatibu.

Kutoka nyumbani kwa Bi Mwanatabu ulianza wimbo, wa wanawake wote, na makofi.

"Mimi nilikuuliza swali, Swabra," akasema hatimaye. "Sikukubishia. Sikusema gari lenu baya. Nilitaka kujua, nikamuuliza aliyesoma. Tangu uanze shule, neno nikilikosa nakuuliza wewe, nawe wanijibu. Siku ile pia nilidhani utanijibu."

Swabra alishika mlango wa gari. Machozi yalikuja, akayaonea haya, kwa sababu yalionekana kama yanaomba kitu.

"Kwa nini hukuja, Mjomba? Ungekuja tu."

"Harusi zote kumi na tisa niliingia nikiwa na usukani mkononi. Leo sikujua niingie kwa mlango gani." Akashuka, akakaza kikoi chake kiunoni. "Zima gari. Linafuka."

Akaingia ndani. Swabra alikaa kwenye kiti cha dereva, kile kile alichojifunzia, bado kina joto la mwili wa Mjomba. Akageuza ufunguo. Injini ya Sultana haikuzimika papo hapo. Ilitikisika, ikakohoa mara moja, ikatulia. Harufu ya petroli na ya asmini zilibaki pamoja.

Mjomba alipotoka alikuwa amevaa kanzu na kofia. Kidevu kilikuwa vilevile. Hakumwambia twende, wala hakumwambia baki. Alipita mbele ya gari, akaanza kutembea kuelekea kwenye wimbo, na Nduku alipomwona akasimama, akamwambia, "Umependeza, mzee," naye akainua mkono.

Swabra alimfuata, hatua mbili nyuma, ufunguo wa Sultana umo ndani ya ngumi yake. Mjomba hakuwa ameuomba, na yeye hakuthubutu kumnyooshea.